Nyumba ya Musa Juu ya Nabugoye

Jinja ni mji wa jiwe hata kwa jina lake. Kwa Kiganda na Kisoga neno hilo ni jiwe, na mawe yenyewe yalikuwepo: miamba iliyolipasua Ziwa Viktoria hadi likawa mto, ikaonekana kwa macho mpaka bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 na maji yakapanda yakaifunika. Nilikaa ukingoni pale jioni moja, miaka michache kabla ya 2016, nikitazama jinsi maji yanavyoondoka. Hayana kelele kama wageni wanavyotarajia. Yanateleza tu, mazito, rangi ya chai isiyo na maziwa, kama mtu aliyekwisha kuaga na sasa anaenda.

Wengi wanaofika pale huja na mtu wao moyoni. Wako wanaomkumbuka mpelelezi Speke, aliyefika tarehe 28 Julai 1862. Wahindu humkumbuka Gandhi, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilimwagwa majini hapo mwaka 1948. Mimi nilikuja na Musa. Mto uliombeba yule mtoto ndani ya kisafina chake, kule Misri, sehemu ya maji yake hutoka hapa, na kesho yake nilikuwa na safari ya Mbale, kwenye kilima cha Nabugoye, ambako kulikuwa na nyumba ya ibada iliyopewa jina lake. Haikuwa kanisa wala msikiti. Ilikuwa sinagogi, Sinagogi ya Musa, na waliokuwa wakisali humo ni wakulima wa kahawa na mihogo.

Sisi tuliokulia Uganda tumezoea kumtafuta Mungu kwa kuinua macho. Kampala ni mji wa vilima, na karibu kila kilima kina dini yake: Waanglikana Namirembe, Wakatoliki Rubaga na Nsambya, Waislamu Kibuli, Wabahai Kikaaya. Mambo haya hayakutokea kwa bahati. Katika Buganda ya zamani Kabaka alihamisha ikulu yake kutoka kilima hadi kilima, na aliyekaa juu ndiye aliyetawala. Rubaga yenyewe iliwahi kuwa ikulu ya Muteesa wa Kwanza kabla ya kuwa ya mapadri. Mmisionari aliyepewa kilima alielewa amepewa nini: amepewa mahali ambapo mtu wa chini, anapolima, anapoteka maji, anapogombana na jirani yake, atakuwa anaonekana.

Ila kilima kina gharama yake. Kanisa la kwanza kubwa la Namirembe, la miti na matete, liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. Kanisa la matofali lililokamilika mwaka 1904 lilipigwa na radi mwaka 1910 likateketea. La sasa, lile lenye kuba linaloonekana kutoka nusu ya mji, lilijengwa kuanzia 1915 na kuwekwa wakfu mwaka 1919. Ukijenga juu ili uonekane na watu, upepo nao utakuona.

Nimeutaja mwaka 1919 kwa makusudi. Nitaurudia.

Taksi ilitoka Jinja asubuhi, ikapita chini ya Bugembe, ambako kanisa kuu la Dayosisi ya Busoga limekaa juu ya kilima chake kama desturi inavyotaka, ikapita Iganga, kisha ikakata kushoto kushika barabara ya Tirinyi. Hiyo ni nchi tambarare. Unavuka bonde la Mpologoma, mto wenye jina la simba, na pande zote mbili ni mpunga na mafunjo na wanaume waliozama hadi magotini. Ndani ya gari watu walikuwa wakisemezana Kisoga, Kigwere, Kigisu na Kiganda, na walipobishana juu ya nauli wote wakahamia Kiswahili. Kisha ukafika ubao unaosema Budaka, na mimi nikageuza shingo, kwa sababu pale ndipo kisa changu kinapoanza kupinda.

Semei Kakungulu alizaliwa Kooki, akakulia katika utumishi wa Buganda: mwindaji wa ndovu kwanza, halafu jemadari. Katika vita vya dini vilivyoipasua Buganda baada ya 1888 alipigana upande wa Waprotestanti, na jina lake likavuma hadi likamsumbua Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka. Mwaka 1899 alikuwa miongoni mwa waliowakamata Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda kule Lango. Kisha akageukia mashariki na wafuasi wake wenye bunduki, akijenga boma baada ya boma, na Budaka likawa boma lake kuu. Alitumaini kuwa mfalme. Waingereza walimwacha aitiishe nchi kwa niaba yao, na alipokwisha kuitiisha wakamwambia hapana. Mwaka 1902 wakaichukua Budaka, wakampa badala yake maili 20 za mraba mahali ambapo leo ni Mbale.

Ni lazima niliseme hili waziwazi, kwa kuwa wanaomsifu Kakungulu hupenda kulipita mbio. Maili hizo 20 hazikuwa za Mwingereza hata azitoe. Ilikuwa nchi ya watu wa chini ya Mlima Masaba, na bunduki zilizofungua njia ya kufika huko ziliacha makaburi na ghala tupu kwa Wagwere, kwa Wateso, kwa Wagisu. Kilima ninachokwenda kukipenda kimo ndani ya historia hiyo. Sikuweza kukipanda bila kuibeba.

Mwaka 1906 Waingereza wakamhamishia Kakungulu Jinja, awe rais wa baraza la machifu wa Busoga. Alikaa miaka saba. Huwa najaribu kumwona huko, mtu aliyezoea kuongoza maelfu, sasa akisikiliza kesi za mashamba na mifugo huku mto ukimpita ubavuni. Mwaka 1913 alirudi Mbale bila cheo chenye uzito. Ndipo akaanza kusoma. Wengine wakishuka madarakani hunywa, wengine hulima. Yeye alifungua Biblia ya Kiganda akaisoma kama mtu anayekagua mkataba aliotia sahihi akiwa kijana. Alijiunga kwanza na wafuasi wa Malaki Musajjakawa, dini iliyoanza mwaka 1914, iliyokataa dawa za hospitali na kuitunza Sabato. Huko nako hakutulia. Alishika sana vitabu vitano vya Musa, akaona tohara imeamriwa na haijafutwa popote. Wayahudi wa Mbale, wanaojiita Abayudaya, husimulia kwamba alipoambiwa tohara ni mambo ya Wayahudi, alijibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Akatahiriwa, yeye na wanawe.

Hiyo ilikuwa 1919. Mwaka uleule ambao kule Namirembe watu waliitwa kuweka wakfu kanisa kuu jipya, aliyekuwa jemadari wao alikuwa Mbale, amejitenga nao, amekaa na kidonda na kitabu. Sijui tukio jingine katika historia yetu ya dini linalonigusa kuliko hili. Kanisa lilikuwa limeshinda. Lilikuwa na kilima, na kuba, na serikali. Na mmoja wa waliolipigania kwa risasi alikuwa akitafuta nyumba nyingine.

Wapo wanaodhani Wayahudi wa Mbale walitokana na ule mpango wa Waingereza wa mwaka 1903, wa kuwapa Wayahudi wa Ulaya nchi huku kwetu. Sivyo. Mpango huo, ambao dunia inauita wa Uganda, ulihusu nyanda za Uasin Gishu, ng'ambo ya Mlima Masaba, katika Kenya ya leo, na mkutano wa Wazayuni uliukataa mwaka 1905. Hakuna aliyekuja. Abayudaya, yaani watu wa Yuda, walitoka humuhumu, wafuasi na majirani wa Kakungulu, Waganda, Wagwere, Wasoga, Wagisu. Mwaka 1920 Myahudi mmoja aliyeitwa Yosefu alifika akakaa nao miezi kadhaa, akawafundisha kalenda ya sikukuu na namna ya kuchinja. Mwaka 1922 Kakungulu akachapisha kitabu cha sala na maagizo kwa Kiganda. Tarehe 24 Novemba 1928 akafariki. Kaburi lake liko Gangama, karibu na mahali alipoishi.

Mbale unaufikia ukiwa umeshaanza kuogopa ukuta wake. Wanale huinuka nyuma ya mji ghafla, jabali la urefu wa kuinamisha kofia nyuma, na mvua ikinyesha huko juu maporomoko hushuka kama nyuzi nyeupe. Mtu aliyetaka kumjengea Mungu nyumba ya kuonekana angepata hapo kimo cha kutosha. Nabugoye sicho hicho. Ni kilima cha kawaida nje kidogo ya mji, cha kupandwa na bodaboda moja yenye abiria wawili, kwenye njia ya udongo mwekundu kati ya migomba na kahawa. Ukiwa chini huoni nyumba yoyote ya ibada. Unaona miti. Kilima hakiitangazi nyumba yake, na nilipofika juu ndipo nilipoelewa kwa nini safari nzima nilikuwa nikitafuta kitu ambacho hakipo: mnara.

Nyumba niliyoikuta ilikuwa ya matofali ya kuchoma na paa la mabati, milango ya mbao, madirisha ya kuruhusu hewa, nyota ya Daudi. Ungeweza kuipita ukidhani ni darasa. Nilitembea nikiizunguka taratibu kama nifanyavyo kwa kila jengo, nikaja nikasimama kwenye kona moja ambapo lipu ilikuwa imebanduka. Matofali ya huku hayatoki kiwandani. Udongo huchimbwa palepale, bora zaidi ukiwa wa kichuguu, kwa kuwa mchwa ameshauchekecha. Hukanyagwa kwa miguu pamoja na maji, hutiwa katika kibao, hulazwa juani na kufunikwa nyasi, halafu hupangwa kuwa tanuri na kuchomwa usiku kucha. Tofali likiwa bichi bado, aliyelibeba huacha alama. Kwenye kona ile niliona vidole vinne, vimezama kiasi cha nusu ya ukucha, na kidole gumba upande wa pili. Niliweka vyangu humo. Vilikuwa vidogo kuliko vyangu. Mtoto, au mwanamke, aliwahi kuliinua tofali lile kabla halijakauka vizuri, labda kwa haraka, mvua inakuja.

Nyumba zao za mwanzo zilikuwa za udongo na nyasi, kama za kila mtu. Na hilo ndilo linalomfanya mwandishi wa majengo ababaike Nabugoye. Mji wa Toledo, kule Uhispania, umekaa juu ya kilima, na kuna sinagogi ya karne ya 14 inayoitwa El Tránsito, ukuta wake umechongwa maandishi ya Kiebrania kwa ufundi usio na mfano. Wayahudi walipofukuzwa mwaka 1492 ikafanywa kanisa, na leo ni makumbusho. Kuta zilibaki, watu wakaondoka. Nabugoye ni kinyume chake. Nyumba zimeanguka, zimeliwa na mchwa, zimefungwa, zimejengwa upya, na watu ndio waliobaki. Ukiniuliza sinagogi hii ina umri gani, nitashindwa kukujibu kwa kutazama ukuta.

Walibaki kwa shida. Idi Amin alipotwaa nchi mwaka 1971, na hasa baada ya kuvunja uhusiano na Israeli mwaka 1972, ibada ya Kiyahudi ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu, wengine kwa hofu tupu. Wanaosimulia husema kwamba kutoka watu kama 3,000 walibaki kama 300 alipoangushwa mwaka 1979. Hao 300 walikuwa wamesali ndani ya nyumba zao, madirisha yamefungwa, Sabato baada ya Sabato, kwa miaka minane. Hilo pia ni jengo, ingawa hakuna fundi atakayedai malipo yake. Miaka ya 1980 kundi la vijana likapanda Nabugoye na kuishi pamoja huko, kwa mfano wa vijiji vya ushirika vya Israeli walivyosikia habari zake, ili kilima kisichukuliwe na ili watoto wajifunze Kiebrania. Miongoni mwao walikuwa ndugu wawili, Joab Jonadab Keki na Gershom Sizomu. Huyu wa pili alitawazwa kuwa rabi mwaka 2008 baada ya kusoma Los Angeles. Keki, mkulima wa kahawa, mwaka 2004 aliwakusanya Wayahudi, Waislamu na Wakristo wa vijiji vya hapo katika ushirika mmoja wa kuuza kahawa yao, wakauita Mirembe Kawomera, amani tamu. Nadhani kahawa imefanya kwa dini tatu za Mbale kazi ambayo vilima vya Kampala havijaiweza, kwa sababu kahawa inataka kuchumwa na wote kwa majuma yaleyale.

Jambo moja zaidi kuhusu jengo. Makanisa ya zamani yalipenda kuelekea mashariki, kunakochomoza jua. Msikiti wa Mbale huelekea Makka, yaani kaskazini na kuegemea mashariki kidogo. Sinagogi huelekea Yerusalemu, na ukiichukua ramani utaona Yerusalemu na Mbale zimekaa karibu kabisa katika mstari mmoja wa longitudo. Myahudi wa Nabugoye akisimama kusali, anatazama karibu kaskazini kamili, upande uleule maji ya Jinja yanakoelekea mwisho wa mizunguko yao yote. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka niliposimama ndani, siku ya Ijumaa jioni, nikaona watu wote wamegeukia ukuta mmoja.

Nilikuwa nimevua viatu mlangoni. Ni desturi ya zamani ya Abayudaya, kwa ajili ya Musa aliyeambiwa avue vyake penye kichaka kinachowaka. Ndani kulikuwa na mabenchi, mishumaa miwili, vitabu vilivyochakaa pembeni. Waliimba zaburi kwa Kiganda, na sala kwa Kiebrania, na sauti zikipanda zilikuwa na mapigo ninayoyajua, mapigo ya makanisa ya kijijini kwetu, yaleyale ya kwaya za Pasaka. Mwaka 2003 nyimbo hizo zilitolewa kwenye santuri huko Marekani na zikasikika mbali. Lakini santuri haina mabati. Mvua ilianza katikati ya zaburi, kwanza matone ya kuhesabika, halafu yote kwa pamoja, na hakuna aliyenyamaza. Waliinua sauti tu. Mvua ikazidi, nao wakazidi, mpaka nikawa sisikii neno hata moja, naona midomo, nasikia kishindo kimoja ambacho ni mvua na watu.

Tangu 2016 kuna sinagogi mpya kubwa kilimani pale, Sinagogi ya Stern, iliyojengwa kwa msaada wa marafiki wa mbali, ina nafasi na ufundi ambao nyumba ya zamani haikuwa nao, na chini ya paa lake watu hawabanani. Naifurahia kwa ajili yao. Nikiiota Nabugoye, hata hivyo, naota ile ya mabati.

Sala ilipokwisha mishumaa ilikuwa imebaki vijiti. Taa haikuwashwa, maana Sabato ilikuwa imeingia, na katika Sabato hawawashi moto. Wakati wa mvua watoto walikuwa wameingiza viatu vyetu vyote ndani, wakavirundika chini ya dirisha: ndala, raba, viatu vya shule, gambuti, vyote vimelowa na udongo uleule mwekundu. Watu waliinama gizani wakipapasa, wakicheka chinichini, wakiulizana hiki cha nani. Nilitoa simu mfukoni nimulike. Mama mmoja mzee aliyekuwa kando yangu aliweka kiganja juu ya mkono wangu.

"Ngoja, mwanangu," alinong'ona. "Macho yatazoea."

Nikairudisha simu. Tulisubiri pamoja, yeye na mimi, tumeegemea ukuta. Mvua ilikuwa imepungua. Kwanza nikaona ukingo wa dirisha, halafu vichwa vya watoto, halafu, chini pale, kimoja baada ya kingine, viatu.